Mkeka Usio na Upindo

Katika mji ule jua lilisimama saa nne asubuhi na halikutaka kuondoka. Waliokuwa wakiteka maji waliteka, waliokuwa wakianika karafuu walianika, kila mmoja na kivuli chake kifupi miguuni, na hakuna aliyeuliza adhuhuri imekwama wapi. Saa nne ni saa ya mapumziko skuli. Bi Zeyana aliijua saa hiyo kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho, kwa zile kelele za viatu na vicheko zinazotoka darasani kama kuku waliofunguliwa tunduni. Kwa hiyo alipojikuta amesimama kwenye njia ya mchanga mweupe, daftari la mahudhurio kwapani na kengele ya shaba mkononi, hakushangaa. Alijiambia tu: nimechelewa kipindi.

Umri wake ulikuwa haujaamua. Magoti yalikuwa ya miaka sabini na minane, yakilalamika kwa kila hatua. Mikono ilikuwa ya miaka thelathini, mikavu kwa chaki. Moyo, ah, moyo ulikuwa wa yule mwanamwali aliyejifungia chumbani kwa babaake kadhi akasoma vitabu mpaka vumbi la kurasa likamwingia puani, akaapa kwamba hataki kuwa mwanamke pekee mjini anayejua kusoma. Watatu hao walikwenda njia moja ndani ya baibui moja, na mara nyingine walikanyagana.

Mbele yake ilisimama skuli. Skuli yake. Ukuta umepakwa chokaa mpya, na juu ya ngazi alikuwa Fundi Maabadi, mpaka rangi, brashi mkononi, akiutazama ukuta kwa hasira ya mtu anayedharauliwa na kazi yake mwenyewe. Ukutani palisomeka: SKULI YA WASICHANA YA BI. Baada ya hapo, michirizi tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Mbona umesita?"

"Rangi haishiki. Nikifika kwenye jina lako inachuruzika kama mate ya mtoto."

"Umetia maji mengi."

"Mwalimu!" Fundi akaweka mkono kifuani. "Mimi nachanganya rangi tangu mke wangu hajajua kusoma. Siku hizi anajua, umemfundisha wewe, na tangu hapo sina kipande cha karatasi kinachokaa mfukoni kwa amani. Rangi haina kosa. Kosa liko kwenye daftari lako."

"Daftari langu lina nini?"

"Sheria ya mji huu unaijua. Jina la mwalimu halikai ukutani mpaka wale wa mwanzo waitike wote. Wako walikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Basi waite, mama, nami niteremke. Miguu inaniuma."

Bi Zeyana alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeombwa jambo jepesi. Hakuzaa. Wenzake walipokuwa wakinyonyesha, yeye alikuwa akibisha milango. Walipokuwa wakioza watoto, yeye alikuwa akigombana na wakubwa wa serikali waliotaka wasichana wafundishwe kusuka na kupika tu. Watu walimwambia: utakufa na jina lako. Jina lile ukutani ndilo lingekuwa mwanawe. Alilitaka, na hakuona haya kulitaka.

Akaingia ndani.

Walikuwepo. Madawati manne, kila moja watu watatu, isipokuwa la nyuma lililokuwa na wawili na nafasi. Wote wamevaa gauni lile lile la buluu na mtandio mweupe aliowashonea mwenyewe mwaka wa kwanza. Lakini nyuso! Mmoja alikuwa na miaka saba na pengo la meno. Aliyekaa naye alikuwa bibi mwenye wajukuu, mgongo umepinda, gauni lile lile la kitoto likimkaa bila kumbana. Wengine walibadilika akiwatazama, kama maji yanavyobadilika jua likipitiwa na wingu.

Akafungua daftari, akaanza kuita. Kila jina likapata jibu lake.

"Abee!"

"Abee, Mwalimu!"

Sauti nyingine zilikuwa nyembamba, nyingine zimechakaa, moja ilikuwa ya daktari aliyezoea kuamrisha, na ile ya Raya, mjeuri wa darasa tangu siku ya kwanza, ilikuja na nyongeza yake: "Abee, tupo, wapi pengine tutakwenda?" Wenzake wakacheka. Bi Zeyana akapiga meza kwa kidole, kama zamani. Kumi na moja. Akafika mstari wa mwisho.

"Mwanamkuu binti Faki."

Akangoja, kidole kwenye mstari.

"Mwanamkuu binti Faki."

Nafasi ile ya dawati la nyuma haikujibu. Chini yake, sakafuni, palitandikwa mkeka, ule mkeka wa mkindu wenye upindo wa kitambaa chekundu ambao darasa zima lilikuwa likiukalia wakati wa hadithi. Nje, Fundi Maabadi alisikika akisonya.

"Hajaja leo?" Bi Zeyana aliuliza, na papo hapo akajua kwamba neno leo halikuwa na maana katika mji ule.

Raya, ambaye sasa alikuwa na nywele nyeupe na macho ya miaka tisa, alisimama. "Mwalimu, wewe mwenyewe ulitufundisha. Mwanafunzi akikosekana, mwalimu haandiki sifuri akanyamaza. Huenda kwao akauliza."

Hiyo ilikuwa kweli. Ndiyo desturi aliyoianzisha, na mji mzima ulimjua kwayo. Mtoto asipofika, mwalimu huvua viatu vya darasani, huvaa vya njiani, akaenda kupiga hodi. Akaviangalia viatu vyake. Vilikuwa tayari vya njiani.

Akainama, akaukunja mkeka, akautia kwapani pamoja na daftari. Ushahidi, alijiambia. Mwanamkuu alimtumia mkeka huu kutoka ng'ambo alikoolewa. Mtu mwenye kinyongo hatumi zawadi. Atakwenda kwao, atauonyesha, ataomba mtu wa nyumba ile amwitikie, basi.

*

Mlango ulioachwa nusu. Umefunguliwa au umefungwa?

Aliye nje husema umefunguliwa, maana anaona ndani. Aliye ndani husema umefungwa, maana hawezi kutoka na mzigo wake kichwani. Aliyeuacha nusu husema: nimefanya nilichoweza. Huyo wa tatu ndiye asiyelala.

Bi Zeyana alikuwa akiyasema haya kimoyomoyo, au mtaa ndio uliokuwa ukiyasema, maana mtaa ule ulikuwa wa milango mitupu. Nyumba hazikuwepo, milango tu, imesimama juu ya mchanga safu mbili, yenye misumari ya shaba na vizingiti vilivyochongwa, na kila mmoja aliukumbuka. Huu walimmwagia maji machafu. Huu walimwambia binti yetu ana macho mabovu, na binti alikuwa dirishani akihesabu ndege. Huu, mama mwenye nyumba alimbusu mkono kwa siri kisha akamfukuza kwa sauti. Milango mia moja na zaidi, alibisha mwaka mzima, na kumi na miwili tu ikafunguka. Tena haikufunguka mpaka wa kwanza ulipofunguka. Watu wa mji ule walikuwa hivyo: hakuna aliyetaka kuwa wa mwanzo, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Ilibidi apatikane mmoja mwenye heshima zake, awafuatishe wengine.

Mmoja huyo alikuwa Mzee Faki.

Alimkuta amekaa kwenye baraza ya mlango wake, kanzu imepigwa pasi, bakora magotini. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi nusu.

"Karibu, Mwalimu! Karibu sana. Umekuja kuchukua mwingine?"

"Nimekuja kumuulizia Mwanamkuu. Nimemwita, hakuitika."

"Ah." Mzee akashika ndevu. "Keti. Wewe, Mwalimu, katika mji huu wote, ndiye mtu pekee aliyetimiza ahadi yake kwangu. Wanangu wa kiume wamenihadaa. Ndugu zangu wamenihadaa. Wewe ulisema, na ulilosema ukalifanya. Nakuombea dua kila siku."

Maneno hayo yangepaswa kumfurahisha. Yalimwingia kama maji baridi kwenye jino bovu.

Alisema nini? Aliikumbuka siku hiyo. Jua lilikuwa pale pale lilipo sasa. Alikuwa na miaka thelathini, ameshabisha milango tisini, na Mzee Faki alimsikiliza mpaka mwisho kabla ya kuuliza swali moja tu.

"Kusoma nimekubali," alikuwa amesema. "Kusoma ni kupokea, na mtoto wa kike apokee. Lakini kuandika ni kutoa. Akijua kuandika atatoa maneno ya nyumba yangu nje. Atawaandikia wanaume. Utawafundisha kuandika?"

Naye Bi Zeyana, binti wa kadhi, aliyekuwa na shehena ya hoja kifuani, alitazama milango ile yote iliyofungwa, akapiga hesabu, akasema: "Hapana, bwana. Watasoma tu."

Wakafungua. Kumi na miwili, siku moja.

"Ningesema vinginevyo ungenipa mtoto?" alimuuliza sasa.

"Haraam! Ningekufungia mlango, na mtaa wote ungefunga."

"Basi nilifanya sawa."

"Mimi nimekwambia hukufanya?" Mzee akashangaa kweli. "Nasema ulifanya sawasawa. Nilikuwa nakuja kila Alhamisi kukagua, sikukuta hata ncha ya kalamu. Kisha niliposikia umeanza kuwafundisha wale wengine kuandika, wangu nilishamwoza. Hukunivunjia ahadi hata chembe."

Na huko ndiko kisu kilikokuwa. Mwaka mmoja baada ya Mwanamkuu kuolewa na kuvushwa ng'ambo, mji ulikuwa umeshazoea, kina baba wameshalegea, na kalamu ziliingia skuli kwa mlango wa mbele. Kumi na mmoja waliandika. Waliandika mpaka vidole vikaota sugu. Mmoja tu ndiye aliyebaki na kusoma bila kuandika, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa na kiu kuliko wote.

Maana kulikuwa na siku ya chaki. Hii Bi Zeyana hakuwahi kumwambia mtu. Mwanamkuu, miaka kumi, aliokota kipande cha chaki kisichozidi ukucha, akajilaza chini ya dawati, akaandika jina lake kwenye ubao wa chini, mahali ambapo Mzee Faki asingeinama kupaona. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amezitazama herufi kitabuni mpaka mkono wake ukazijua. Bi Zeyana aliliona jina lile, limepinda, zuri, linapumua, na akalowesha ncha ya kanga yake kwa mate, akalifuta. Ilikuwa Alhamisi.

"Tutaandika, mwanangu," alimnong'oneza. "Siyo sasa. Subiri."

"Mpaka lini, Mwalimu?"

"Subiri tu."

"Mwenyewe yuko wapi?" Bi Zeyana alimuuliza mzee, akiinuka.

"Mambo ya wanawake muulize mamaake. Yuko uani."

Mlango ule haukusukumika zaidi ya pale ulipokuwa. Ilibidi Bi Zeyana apite ubavuubavu, akapita yeye kwanza, kisha akauvuta mkeka kwa nyuma, na upindo mwekundu ukakwama kidogo kwenye msumari kabla ya kuachia.

*

Ukuta wa ua ule, kumbe, ndio ukuta wa nyuma wa skuli. Alisikia ngazi ya Fundi Maabadi ikilia upande wa pili. Katikati ya ua alikaa Bi Kazija, mamaake Mwanamkuu, akisuka. Ukili, utepe uliosukwa kwa miyaa ya mkindu, ulitoka mikononi mwake ukazunguka ua, ukapanda ukuta, ukarudi, ukajikunja miguuni pake, hauna mwanzo unaoonekana. Vidole vilikwenda bila macho kuvifuata.

Bi Zeyana hakuwahi kusuka hata ukili wa kipepeo cha kupepea moto. Nyumba ya kadhi haikuwa na kazi hizo, na baadaye, wakubwa wa serikali waliposema wasichana wafundishwe ukili na kudarizi badala ya hesabu, aliuondoa ukili wote skulini kwake. Mikono ya wanangu, aliwaambia, ni ya kushika vitabu. Watu walimpigia makofi kwa neno hilo. Hata sasa asingelirudisha. Lakini mbele ya mikono ile ya Bi Kazija alijikuta ameficha yake ndani ya baibui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti, Mwalimu. Ulivyochelewa."

"Mama, daftari langu lina nafasi moja tupu. Mwanamkuu haitiki. Naomba unisemee kwake, au umwitikie wewe kwa kinywa chako. Najua nilimkatiza na kalamu. Lakini hakunichukia. Tazama, alinitumia zawadi."

Akautandua mkeka juu ya mchanga. Ulikuwa umechakaa katikati kwa makalio ya vizazi vya watoto, lakini mapambo yake bado yalikuwepo, zambarau na kijani, mistari myembamba kama maandishi ya mtu mwangalifu. Bi Kazija aliweka ukili wake chini. Ilikuwa mara ya kwanza vidole vile kusimama. Aliupapasa mkeka kama mtu anavyopapasa uso wa aliyelala, taratibu, mpaka akafika kwenye kitambaa chekundu.

"Upindo huu nani kautia?"

"Mimi. Yaani, nilimpelekea fundi cherehani." Bi Zeyana alitabasamu kwa kumbukumbu. "Mkeka ulikuja haujaisha, miyaa inaning'inia pande zote nne. Nikasema, Mwanamkuu ni yule yule, kazi nzuri, mwisho haumalizi. Nikaumalizia. Nimeutumia miaka yote, mama, haujatoka darasani kwangu."

"Ukaumalizia."

"Ndiyo."

"Kama unavyosahihisha daftari."

Tabasamu likabaki usoni mwa Bi Zeyana peke yake, halina mwenyewe.

"Mwalimu," alisema Bi Kazija, na sauti yake haikuwa na ukali, afadhali ingekuwa nao, "wewe umesoma vitabu vingapi?"

"Vingi, mama."

"Na mikeka?"

Upande wa pili wa ukuta ngazi ililia, ikanyamaza.

"Kwetu sisi wasukaji," Bi Kazija akaendelea, "hakuna mwanamke anayetuma mkeka haujapindwa kwa uvivu. Mwanamke akizidiwa, akawa ugenini na hana wa kumsemea, husuka mkeka, huacha kingo wazi, akampelekea mwanamke anayemwamini. Aliyeletewa haulizi neno. Hujitanda, akafunga safari, akaenda na mkeka wake kwapani. Akifika hukaa, wakaupinda wote wawili, huyu ukingo huu, huyu ule. Na maadamu upindo haujaisha, hakuna mume wala mkwe awezaye kumwambia mgeni yule ondoka. Ndivyo tulivyookoana sisi tusiojua kalamu."

Bi Zeyana alikigusa kitambaa chekundu kwa ncha ya kidole.

"Ulikufikia mwezi gani?"

"Mfungo Pili."

"Alikufa Mfungo Tano, na mtoto tumboni. Kipigo kilimtangulia, uzazi ukamalizia. Jirani yake alituambia kwamba kila asubuhi, wakati kama huu, alikuwa akitoka mlangoni kutazama njia."

Miezi mitatu. Na miezi mitatu hiyo watoto walikuwa wamekalia kilio chake wakisikiliza hadithi, na yeye, Mwalimu, akiwaambia wakae vizuri wasiuchafue.

"Kwa nini hakukuletea wewe?" aliuliza hatimaye, na sauti iliyotoka ilikuwa ya miaka kumi, ya mtoto aliyefutiwa jina. "Wewe ni mamaake. Wewe ungejua."

Bi Kazija aliokota ukili wake, akauangalia, akauweka tena.

"Mimi ndiye niliyempaka hina siku ya kuolewa. Mimi nilimwambia vumilia. Angeniletea mimi tena? Alikuletea wewe kwa sababu ulikuwa mwalimu. Alidhani unajua kusoma kila kitu."

*

Hakulia. Kulia kungekuwa kujihurumia, na huruma ile haikuwa yake. Alikaa chini mchangani, akauvuta mkeka mapajani, akatafuta mahali uzi wa cherehani ulipoanzia. Fundi yule alikuwa hodari, uzi mara mbili. Akaung'ata kwa meno. Ukakatika. Akavuta, na kitambaa chekundu kikaanza kutoka, kidogo kidogo.

Nilifungua milango kumi na miwili. Nilifungua. Nusu. Ningeomba mzima wangenipa ukuta. Kumi na mmoja. Daktari. Kadhi wa kike, Mungu wangu, kadhi. Mmoja. Ungefanyaje, Zeyana? Ungefanya vile vile. Hilo ndilo linalouma, ungefanya vile vile. Lakini chaki. Nani alikutuma ufute? Mzee asingeinama. Asingeinama, Zeyana. Uliogopa kuliko alivyokagua.

Chini ya kitambaa, ncha za miyaa zilitokea. Mkeka mzima ulikuwa umegeuka rangi ya udongo, lakini ncha zile, zilizofichwa giza la upindo kwa miaka yote, zilikuwa nyeupe, safi, kama zimekatwa asubuhi ile. Bado zilikuwa zikiomba. Pande zote nne zilikuwa zikiomba.

"Mwalimu!" Fundi Maabadi aliita kutoka juu ya ukuta. Kichwa chake kilichomoza, kina doa la chokaa kwenye pua. "Nimejaribu tena herufi ya kwanza. Naona kama inataka kushika. Niendelee au niteremke?"

Bi Zeyana hakuinua macho. Nyuma ya fundi, darasani, alisikia pumzi za wale kumi na mmoja, na pumzi hizo zilikuwa na umri wa kila aina.

"Teremka, baba."

"Na jina?"

"Teremka tu. Umeshasema miguu inakuuma."

Kichwa kikazama. Bi Zeyana alishika ncha mbili za miyaa akajaribu kuzikunja ndani kama alivyoona vidole vya Bi Kazija vikifanya. Zikavunjika. Akashika nyingine. Ikavunjika kwa sauti ndogo kavu, kama chaki.

"Acha!" Bi Kazija akamshika mkono. "Mkindu mkavu haukunjwi. Utaumaliza wote. Lazima urowekwe kwanza, urudi kuwa laini."

Akamsogezea beseni la maji lililokuwa kando ya mguu wake. Maji yalikuwa yametulia, na ndani yake jua la saa nne lilikuwa limekaa duara, halitikisiki. Bi Zeyana aliuzamisha ukingo wa kwanza, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili usielee.

"Nishike hivi muda gani, mama?"

"Muda aliokungoja."

Bi Zeyana akaiondoa mikono majini mara moja tu, akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya daftari lililofungwa, akairudisha mikono majini.